Mikato Minane, Vyumba Tisa

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Igowole, Karani Mkuu hakuniuliza jina. Aliniuliza kama nina sweta. Nikamwambia ninalo. Akasema, "Basi kaa. Aliyekutangulia hakuwa nalo, na hakumaliza wiki."

Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kituo cha kukusanyia maziwa cha ushirika wetu wa wafugaji. Dirisha halikuwa na kioo, na ukungu wa Mufindi uliingia ukakaa na sisi kama mfanyakazi mwenzetu. Mimi nilikuwa na darasa la saba na mwandiko mzuri, basi. Kazi niliyopewa ilikuwa kuandika kadi za ndama.

Kadi ya ndama ilikuwa na nafasi tisa, na Karani Mkuu aliziita vyumba. Cha kwanza namba ya hereni, yaani kile kipande cha plastiki anachovishwa ndama sikioni. Cha pili jina la ndama, cha tatu siku aliyozaliwa, cha nne mama yake, cha tano dume. Hilo dume mara nyingi wala halijulikani sura, kwa sababu ya uhimilishaji: mbegu inaletwa imegandishwa kwenye mtungi, mwenye mbegu amebaki kwao anakula. Cha sita mfugaji, cha saba kata, cha nane mtaalamu aliyemkagua ndama, na cha tisa maoni.

Siku hiyo niliandika kadi arobaini kabla ya saa sita, nikajiona hodari. Karani Mkuu akaichukua ya juu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Binti, hapa kwenye kata umeandika Daktari Kihwele."

"Ndiyo, mzee. Kata hawakuisema, basi nikaona nisiache pengo."

"Sawa. Na diwani wa kata ya Daktari Kihwele ni nani?"

Akaniambia maneno ambayo nimeyafuata mpaka leo: "Chumba kikiwa kitupu, kiache kitupu. Usimhamishie humo jirani. Mwenyewe anaweza kuja kesho akakuta kitanda chake kina mtu." Kisha akanipa kadi mpya arobaini. Nilitoka ofisini jua limeshuka na vidole vimekauka kama vijiti. Hapakuwa na semina wala posho ya semina. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa.

Baada ya miaka nilihamishiwa Iringa mjini, makao ya kanda, chini ya Mkuu wa Takwimu. Huyu alikuwa mtu msafi mno, anafuta kiti kabla ya kukaa na anakifuta tena baada ya kuinuka. Hakupenda kuona nafasi tupu. "Sitaki mashimo kwenye ripoti yangu," alisema. "Pasipo na kitu, andika HAKUNA." Nilimwambia nilivyofundishwa Igowole. Akaniambia Igowole ni Igowole na Iringa ni mjini. Amri ni amri. Tukaandika.

Msimu ulipokwisha, ripoti ikapelekwa juu. Haukupita mwezi akaja Mtaalamu wa Mbari, yaani wa koo za ng'ombe, kutoka Dar es Salaam, amepitia Ilula na kununua tenga zima la nyanya, ametabasamu kuanzia mlangoni. Alikuwa amesoma ripoti yetu. Alikuwa ameona dume mmoja tu amezalisha ndama wengi kuliko madume wote wa kanda wakijumlishwa, kuanzia Kilolo mpaka Mufindi, tena mwaka mmoja. Alitaka kuchukua mbegu zake zikatumike nchi nzima. "Nipelekeni nikamwone huyo Hakuna," akasema. Mkuu wa Takwimu akafuta kiti chake mara tatu bila kukaa. Mgeni alirudi na nyanya zake, na sisi tukaruhusiwa tena kuacha vyumba vitupu.

Nimelieleza hilo makusudi, vijana, ili mjue kwamba nilipofika Mbeya nilikuwa nimeshaonja pande zote mbili. Nilijua ubaya wa kumhamisha jirani na ubaya wa kumtungia mtu jina.

Mbeya nilipangiwa tawi la Iyunga, kando ya barabara kuu, magari ya Tunduma yanatikisa madirisha mchana kutwa. Ndipo kompyuta zilipotukuta. Kadi zikaondolewa, na mimi nikawekwa mbele ya kibodi. Nilijifunza kwa vidole viwili, na kwa vidole viwili hivyo nilistaafu.

Kuandika ndama kwenye kompyuta ilikuwa hivi. Ndama mmoja, mstari mmoja. Vyumba vyake tisa vinafuatana, na kati ya chumba na chumba unaweka mkato. Mkato ndio ukuta. Chumba kikiwa kitupu, unaweka mkato na mara moja mkato mwingine, kuta mbili zimekaribiana na katikati hamna mtu. Ndani ya maoni mkato ni marufuku, maana ungejenga ukuta katikati ya kitanda. Kwa hiyo ndama mwenye tabia mbili sikuandika "ana teke, ana wivu", niliandika "ana teke na ana wivu". Mistari ikishajaa, inakwenda kwenye programu, nayo inaikata vipande kwenye kila mkato, inaweka kila kipande mahali pake, na printa inatoa Cheti cha Uzazi wa Ndama chenye muhuri. Wafugaji walivipenda vyeti hivyo. Wengine walivitundika sebuleni juu ya picha ya harusi.

Programu hiyo aliiandika Mhandisi wa Mifumo, binti mmoja anaitwa Tumaini, mzaliwa wa Iringa aliyesomea Dar na kurudi na shahada na kikoti kisicho na mikono. Aliiandika kwa lugha ya kompyuta inayoitwa C. Aliniambia ni lugha ya zamani, ya wenye akili, haina utani. Nikamwambia basi tutaelewana.

Siku vyeti vya kwanza vilipogawiwa, nilikuwa nakunywa chai ya saa nne. Mlango ukafunguliwa akaingia Mzee Asheri Mwakalobo, mfugaji wa hapo hapo Iyunga, mzee wa kanisa, mtu ambaye sijawahi kumwona bila tai. Nyuma yake mkewe, Mama Tusajigwe, ameshika kitambaa mdomoni, mabega yanatetemeka. Nilidhani wamefiwa.

"Karani," mzee akasema, "mimi nimekukosea nini?"

Akaweka cheti mezani. Kabla sijakisoma, mkewe akakichukua akakisoma yeye, kwa sauti, ofisi nzima ikisikia.

"Jina la ndama, Subira. Mama, Zawadi. Baba, Asheri Mwakalobo."

"Basi, mama, inatosha," mzee akasema.

"Haijatosha. Miaka yote ananiambia anakwenda kumpelekea Zawadi majani. Kumbe!"

"Nyamaza wewe!"

"Ninyamaze vipi? Nimeletewa mke mwenzangu kwa karatasi ya ofisi, tena ina muhuri. Ndaga, asante karani, umenifumbua macho."

"Jumapili nasimama mbele kusoma matangazo," mzee akaniambia, jasho linamtoka na baridi yote ile. "Nitasimamaje? Jirani ameshakiona. Ameniuliza kama ndama anaanza kutembea kwa miguu minne au miwili."

Nikakisoma mwenyewe. Chini ya baba, mambo yaliendelea kuharibika. Mfugaji: Iyunga. Kata: Daktari Sichone. Mtaalamu aliyemkagua: Ana teke na ana wivu. Na kwenye maoni, ambako palitakiwa kuwa na hilo teke, paliandikwa neno "null", neno la Kiingereza ambalo hakuna kati yetu aliyelialika. Daktari Sichone mwenyewe, ambaye ndiye aliyemkagua ndama, alipolisikia hilo la teke alisema anamjua aliyemsingizia.

Sikucheka. Kazini si mahali pa kuchekea. Nilicheka nyumbani.

Kufika saa nane vyeti vibovu vilikuwa vimerudi kumi na kimoja. Meneja wa Tawi akaniita. Alikuwa mtu wa maneno machache na kalamu nzito.

"Mama Kikoti, nani anaandika hii mistari?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Mhandisi anasema programu haina tatizo, kwamba uchafu umo kwenye uandishi. Wewe unasemaje?"

"Nasema sijakosea."

"Kompyuta nayo haikosei. Nakupa mpaka Ijumaa unieleze. Ukishindwa, naandika barua ya onyo, nayo inaingia kwenye jalada lako."

Hapo naomba mnielewe. Nilikuwa nimebakiza miezi minane kustaafu. Wenzangu ofisini walikuwa na diploma, na shahada, na picha wamevaa majoho. Mimi nilikuwa na jalada. Tangu Igowole, jalada langu halikuwahi kuingiwa na onyo hata moja, la kuchelewa wala la uzembe. Hicho ndicho kilikuwa cheti changu mimi. Na sasa kilitaka kuchafuliwa na ndama wa Mzee Mwakalobo.

Nilirudi mezani nikatandaza vyeti vyote, vizuri upande huu, vibovu upande huu. Nikaenda kwenye mistari niliyoandika, nikahesabu mikato kwa penseli, mmoja mmoja, kama ninavyochambua mchele. Kila mstari ulikuwa na mikato minane. Hakuna uliopungua wala uliozidi. Kisha nikaona. Vile vibovu vyote kumi na kimoja vilikuwa na chumba kitupu mahali fulani. Cha Mzee Mwakalobo kilikosa dume, kwa sababu Zawadi alikata kamba akajiendea mwenyewe na hakumwambia mtu alikokwenda. Vile vizuri vyote vilikuwa vimejaa. Na uharibifu kila mara ulianzia palepale penye utupu, ukashuka chini. Juu yake kulikuwa salama.

Nikabeba karatasi zangu mpaka kwa Mhandisi.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama. Kama ni vile vyeti, mimi nimeshasema. Data ni chafu."

"Umesema kwa Meneja. Kwangu hujasema. Kompyuta haikosei?"

"Haikosei."

"Na mimi sijakosea. Basi kuna wa tatu amekaa katikati yetu. Fungua hiyo programu yako."

"Mama, ni C. Hutaielewa."

"Sijaja kuielewa. Nimekuja uielewe wewe."

Akaifungua kwa kunistahi tu. Nikamwambia aandike mstari uliojaa, aupitishe. Ukatoka vizuri. Nikamwambia afute jina la dume, aache kuta mbili, aupitishe tena. Mfugaji akapanda akawa dume. Tumaini akauangalia. Akafuta kata badala ya dume. Daktari akawa kata.

"Basi ni rahisi," akasema haraka. "Wewe pale patupu andika tu HAKUNA."

Nikamsimulia habari za yule mgeni na nyanya zake. Hakurudia tena.

Akaanza kusoma alichoandika, kwa sauti, kidole kwenye kioo. Nami nikasikiliza kama ninavyosikiliza mtoto anayesema mlango ulijifunga wenyewe. Kumbe ndani ya C kuna kifaa kimeshatengenezwa tayari cha kukata mstari, kinaitwa strtok. Unakipa mstari na unakiambia kitenganishi ni mkato, nacho kinakukatia kipande kimoja kimoja. Kila kinapokata kinaufuta mkato na kuweka alama ya mwisho mahali pake, yaani kinabomoa ukuta wako kabisa. Ukitaka kurudi kuhesabu, kuta hazipo. Hilo la kwanza. La pili ndilo lililonitafuta mimi: strtok ikikuta mikato miwili imefuatana haioni chumba katikati. Inaona mkato mmoja mnene. Inaruka yote, inakuletea mtu wa chumba kinachofuata. Vyumba vikiisha kabla ya kufika tisa inarudi mikono mitupu, na huo mkono mtupu ndio ile "null" iliyochapwa kwenye maoni.

"Kwa hiyo hicho kifaa ni kibovu?" nikauliza.

"Hapana, mama. Kimetengenezwa hivyo. Kwa maneno yaliyotenganishwa na nafasi kinafaa, maana mtu akibonyeza nafasi mara mbili hataki neno tupu katikati. Kwa kazi yetu hakifai." Akatafuta maelezo ya hicho kifaa, akasoma, akawa mdogo kwenye kiti. "Imeandikwa hapa. Wazi kabisa."

"Na wewe hukuisoma?"

"Niliisoma juu juu. Hapo nilipita."

"Ulipita. Ukaona maelezo mawili ni elezo moja nene."

Akafunika uso kwa mikono, nikaona mabega yanatetemeka kama ya Mama Tusajigwe. Nilisubiri amalize kucheka. Ilikuwa Jumatano.

Kilichobaki kilikuwa kuandika mkataji mwingine. Kompyuta zetu zilikuwa na kifaa cha jina la jirani, strsep, ambacho kikikuta mikato miwili kinakupa chumba kitupu kwa heshima zote, kimefagiliwa, hakina mtu. Lakini Tumaini alishaogopa vya kukuta, akataka kujenga wake mwenyewe: aende herufi kwa herufi, akikuta mkato afunge chumba, afungue kingine. Nikamwambia jenga.

Alhamisi mchana akaniita, ametabasamu. Mstari wa Mzee Mwakalobo ulitoka sawasawa. Nikamwambia andika mikato minane mitupu, hakuna herufi hata moja.

"Nani ana ndama wa hivyo?"

"Hakuna. Andika. Vitatoka vyumba vingapi?"

"Vinane."

"Kuta nane za ndani, vyumba tisa. Ongeza vidole kama vyako havitoshi."

Akapitisha. Vikatoka vinane. Akaanza kusema umeona, akasita. Akahesabu kwa vidole chini ya meza akidhani simwoni. Mkataji wake alikuwa anafunga chumba akikuta mkato, na cha mwisho, ambacho mbele yake hakina mkato bali mwisho wa mstari, alikifunga pale tu kilipokuwa na maneno. Basi kilipokuwa kitupu akakisahau nje. Akarekebisha: ukifika mwisho wa mstari, funga chumba kilichobaki hata kama ni kitupu. Vikatoka tisa. Nikapitisha mistari yangu yote, kila mmoja, na kila kilichotoka nikakilinganisha na nilichoandika. Tumaini alikaa pembeni akinisomea. Alisoma vizuri. Hakuruka.

Ijumaa saa tatu tuliingia kwa Meneja. Sikuwa nimemwambia binti aseme nini. Ningeweza kusema mwenyewe, ushahidi ulikuwa kwapani, lakini nilitaka nijue nimefanya kazi na mtu wa namna gani. Meneja alikuwa ameshaweka karatasi ya barua mbele yake, na jina langu juu yake. Nililisoma kwa kichwa chini miguu juu.

"Haya, Mama Kikoti."

Tumaini akasimama. "Meneja, mistari ya mama ni sahihi yote. Kosa ni langu. Nilitumia kifaa kisichofaa, na nikamsingizia bila kuangalia."

Meneja akanitazama, akamtazama. Akachukua kalamu, akakata jina langu, akaanza kuandika la Tumaini.

"Meneja," nikasema, "barua haibadilishi vyeti. Mpe miguu. Vyeti ni kumi na kimoja, na wenyewe wametawanyika mpaka mlimani. Avipeleke mwenyewe, nyumba kwa nyumba, aeleze mwenyewe."

"Hata kwa Mwakalobo?"

"Aanzie kwa Mwakalobo."

Meneja hakuwa mtu wa kucheka, lakini alilazimika kutafuta kitu chini ya meza. Ile karatasi akaikunja akaitupa.

Tumaini alirudi jioni, viatu vimejaa matope mekundu. Mzee Mwakalobo alikuwa amepokea cheti kipya, akaona mahali pa baba ni patupu, akauliza kama ofisi haiwezi kuweka walau dume la jirani. Akaelezwa haiwezi. Akakubali, akashukuru, akaomba kile cha zamani kichomwe mbele yake. Mkewe akakataa katakata. Alisema hicho ni cha kwake, anakihifadhi, na siku mzee atakapochelewa kurudi kutoka kukata majani atakisoma kwa sauti mbele ya wageni. Najua kwamba mpaka leo anacho, kwa sababu mzee anarudi mapema.

Basi, nimestaafu. Ninakaa Iringa, nina ng'ombe wawili, kuku, na goti moja linalosumbua wakati wa baridi. Vijana wananiuliza kama kazi ya zamani ilikuwa ngumu. Ilikuwa ngumu kama ya sasa. Kadi ilikuwa na vyumba, kompyuta ina vyumba, na mtu ni yuleyule, anaona pengo anawashwa kulijaza, au anaharakisha analiruka. Tumaini ni Mkuu wa Mifumo sasa. Nimeambiwa akiajiri mtu mpya anampa mikato minane siku ya kwanza na kumuuliza ni vyumba vingapi. Wenye majoho wanasema vinane. Sishangai. Wakumbukeni hawa mnaowaona wanachapa kwa vidole viwili. Wakiwaambia hawajakosea, hesabuni kwanza.

Siku yangu ya mwisho Afisa Utumishi aliniletea fomu ya kufunga jalada, kurasa nne. Nilivaa miwani nikaisoma yote, na yeye akasubiri, maana sisaini nisichokisoma. Vituo nilivyofanyia kazi vilikuwepo. Wakuu walioniongoza walikuwepo. Ukurasa wa nne, chini kabisa, palikuwa na mahali pameandikwa "Maonyo", kisha nukta mbili.

Mbele ya nukta hizo palikuwa patupu. Nikavua miwani, nikaifuta, nikapasoma tena. Kisha nikasaini.